Mkamwana Aomba Nafasi

Mzee Matiasi alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja huko Mugoma, na hakuna mgeni aliyeondoka kwake bila kusomewa Katiba. Ibara ya kumi na nane aliijua kuliko sala ya kabla ya chakula: kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Aliipenda hasa kwa sababu, miaka yote ya uongozi wake, fikra zilizoelezwa kijijini zilikuwa zake.

Siku hiyo mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa na ajenda moja: kupanda mikaratusi kuizunguka chemchemi ya bondeni. Miche elfu mbili aliiotesha mwenyewe, akaimwagilia kiangazi kizima kama mtu anayelea mapacha. Alitaka, akishakufa, watu wauonyeshe msitu ule na kumtaja.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza, huku akijiandaa kupigisha kura.

Safu ya mbele kabisa, Keza akanyoosha mkono.

Matiasi alishtuka. Keza alikuwa mke wa mwanawe Evaristi, na kwa desturi yao mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kumpinga hadharani. Mwaka wa nne sasa waliishi ua mmoja, naye hakuwahi kusikia kwake zaidi ya shikamoo na karibu chakula. Alimpenda binti huyo kwa upole wake. Sasa akaanza kuhofu kwamba haukuwa upole.

Keza akasimama, akampa mgongo kwa heshima, akawaelekea watu.

"Keti, mwanamke," Mzee Frednand akamkatiza. "Mkweo yuko mbele hapo. Unatutia aibu."

Watu wakaguna. Keza akaanza kuketi. Mwenyekiti angenyamaza tu, na miche ingekuwa ardhini kabla ya Jumapili. Lakini aliyaona mabega ya binti yakishuka, na moyo ukamuuma.

"Mzee mwenzangu," alisema, "Ibara inasema kila mtu. Haikusema isipokuwa mkamwana wa mwenyekiti."

"Hiyo ni sheria. Na mila je?"

"Mila ameitimiza, si huo mgongo ninaoutazama? Akikosea, tutamsikia na hatutapungukiwa kitu. Akiwa na ukweli nasi tukamziba mdomo, atatuambia nani? Mimi? Chemchemi ile sijaiteka hata ndoo moja. Sema, mwanangu."

Keza akaeleza. Kwao Nyamigogo mikaratusi ilipandwa kando ya kisima. Alipofika darasa la tano kisima kilikuwa kimekauka, na tangu hapo yeye na mama yake walitembea saa mbili kufuata maji.

"Miche ya baba ni mizuri," alimaliza. "Mahali ndipo pabaya."

Kura ikapigwa. Wanawake wote walinyoosha mikono kukataa, kisha waume zao, mmoja mmoja, kama watu waliofinywa. Matiasi akanyoosha na wake. Iliuma, tusidanganyane.

Jioni Keza alimletea ndizi na maharage, akapiga goti, macho chini kama kawaida.

"Leo umeniangusha mbele ya kijiji kizima," Matiasi alisema.

"Nisamehe, baba."

"Sijasema umekosea. Kuna jingine ulilonificha miaka yote hii?"

Keza akafikiri kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akainua macho na kumtazama usoni.

"Yapo, baba," alisema. "Lakini kula kwanza, ushibe."