Vazi la Kuzamia

Begi la mdogo wangu nililifungasha mimi, na anayetaka kusema nililifungasha vibaya aje anieleze hapa hapa, mbele ya cherehani yangu. Nimevika mabibi harusi na wahitimu. Nimevika wanene wanaotaka kuonekana wembamba, na wembamba wanaotaka nyama ambazo hawakujaliwa. Likizo ya kuzamia baharini ingenishinda kwa lipi?

Nililifungua begi juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikaanza kazi. Masweta mawili, maana nilisikia huko chini kuna baridi. Blanketi. Viatu vya kutokea jioni. Gauni la kijani nililomshonea mwaka jana. Pasi. Nilikuwa natafuta pembe ya kuiingizia ile pasi, mdogo wangu alipotokea mlangoni. Tangu utotoni tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika.

"Dada, pasi ya nini tena?"

"Ya kunyooshea nguo. Au unataka utembee umejikunjakunja mbele za watu?"

"Mbele ya samaki, dada. Na samaki wenyewe hawajapigwa pasi tangu wazaliwe."

Akacheka peke yake, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja. Mwalimu wake wa kuzamia alikuwa ameshawaeleza wanafunzi wake cha kubeba, na kwa kweli kilikuwa kidogo mpaka kinatia aibu. Mitungi ya hewa, suti za mpira, miwani na mapezi ya miguuni vyote vingekuwa kule kule. Wao wachukue kofia, mafuta ya kukinga jua, dawa ya kichefuchefu cha chomboni, taulo jepesi, mkoba usiopenya maji wa kuwekea simu, na nguo mbili za kuogelea, moja ivaliwe wakati nyingine inakauka. Chiriku alivipanga, vikajaa robo ya begi. Mimi nikaona kama anakwenda dukani na kurudi.

"Na hizo nguo za kuogelea?" nikamuuliza.

Hapo mdomo ukapumzika. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaanza kuokota nyuzi sakafuni kama aliyeajiriwa kuziokota.

Chiriku aliondolewa titi la kushoto miaka miwili iliyopita. Ilikuwa saratani, ikawahiwa, na leo hii daktari wake anasema kifua na mapafu yake havimkatazi kuzamia. Wakati wa matibabu alikaa sana kwenye ukumbi wa kusubiri, na kulikuwa na runinga ukutani iliyokuwa ikionyesha samaki tu kutwa nzima. Wagonjwa wengine walikuwa wakilalamika ibadilishwe. Yeye aliwaambia kuwa akipona atakwenda kuwatembelea wale samaki nyumbani kwao. Sisi tulidhani ni sindano zinazomsemesha. Alipopona akajiandikisha kwenye mafunzo.

"Mwalimu anasema tukitoka majini, kabla ya kuzama tena, tunakaa chomboni tukipumzika," alisema. "Suti ya mpira inabana na inachemsha, kwa hiyo kila mtu anaivua mpaka kiunoni. Wanaume, wanawake, wote. Mnakaa hivyo mnakunywa maji, mnasimuliana mlichoona."

"Na wewe utakuwa na nguo yako ya kuogelea ndani."

"Ndiyo. Imenikaa mwilini kama ngozi, dada. Marinda yako yatakuwa wapi?"

Nilielewa. Tangu atoke hospitali nguo zake zote nimeshona mimi. Nikatupia rinda hapa, mtandio pale, ua la kitambaa upande wa kushoto. Ukimwona barabarani huwezi kujua. Nilijivunia jambo hilo kuliko gauni lolote la harusi. Nikamwambia aniachie mimi, nguo ya kuogelea atakayoivaa hakuna mzamiaji wala samaki atakayegundua kitu.

Nilianza na sifongo. Nilikata kipande kizuri, nikakichonga kwa mkasi mpaka kikapata umbo, nikakifunika kwa kitambaa kile kile cha zambarau. Mtu mwenye akili hujaribu kwanza, kwa hiyo nikakitia kwenye beseni. Kikanywa maji kama mgonjwa wa homa. Nikakiinua, kikaning'inia kama soksi yenye kiazi. Mume wangu, aliyekuwa anapita na chai yake, akauliza kama nimeanza kufuga pweza. Nilimtazama akaendelea na safari yake.

Nikafikiri. Kisichokunywa maji ni nini? Kandambili! Nikaenda kwa mshona viatu wa kona ya pili, akanipa mabaki ya ule mpira mwepesi wa soli. Nikabandika tabaka nne, nikachonga, nikalainisha kwa msasa, nikashona mfuko wake ndani ya nguo, upande wa kushoto. Nikatia kwenye beseni. Halikuingia hata tone. Nilikuwa nimevimba kichwa siku ile, hata wateja walinisalimia kwa adabu zaidi.

Hebu nicheke mwenyewe. Mtu mzima, mama wa watoto, niliona kile kitu kinaelea juu ya beseni kwa furaha, nikakisifu kwa kutolowa, wala halikunijia wazo kwamba anayekivaa anataka kwenda chini.

Jaribio la mwisho kabla ya safari lilikuwa kwenye bwawa la kuogelea, na Chiriku akaniomba nimsindikize. Aliingia chumba cha kubadilishia akatoka amejifunga taulo kubwa, akaliachia dakika ya mwisho ukingoni, akavaa mtungi na mikanda yake. Lakini mimi nilimwona. Alikuwa amekamilika kushoto na kulia! Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikijipongeza.

Mwalimu, kijana mpole mwenye sauti ya chini, aliwaambia wanafunzi watulie katikati ya maji, wasizame wala kuelea, walale kifudifudi kama wamening'inizwa kwa uzi. Wote wakalala. Chiriku akageuka. Bega la kushoto lilipanda, la kulia likashuka, akakaa upandeupande kama kitanda chenye mguu mmoja mfupi. Mwalimu akamweka sawa. Akamwachia, akageuka tena. Mwalimu akamwongezea kipande cha chuma kwenye mkanda wa uzito. Akazama kiuno, kifua kikabaki juu. Akamwongezea kingine upande wa kushoto. Wanafunzi wengine walikuwa wametoa vichwa majini, wanatazama.

"Samahani," mwalimu alisema walipofika ukingoni, karibu kabisa na kiti changu. "Kuna kitu umevaa ndani kinachoelea? Chini kabisa kitakusumbua zaidi. Kule presha ya maji itakiminya, kikiwa juu kitavimba, na mimi sitajua nikuwekee uzito kiasi gani. Lazima nijue."

Alisema kwa heshima zote. Hakutazama kifuani. Lakini Chiriku alijifunika kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akapanda ngazi na mtungi mgongoni bila kusubiri kusaidiwa.

Njia nzima kurudi nyumbani hakusema neno. Mimi namjua huyu mtoto. Alisema akiwa na dripu mkononi, na aliposhonwa mdomo baada ya kuanguka na baiskeli bado alisema, kwa pembe iliyobaki. Ukimya wake ulinitisha kuliko kilio.

Tulipoingia dukani kwangu alikwenda moja kwa moja kwenye begi, akalifungua, akaanza kutoa. Kofia, mafuta, taulo. Safari hii hakuwa ananitania.

"Siendi," alisema.

"Nitachonga jingine. Nitaweka mchanga ndani, au vyuma, tutalipima mpaka..."

"Dada, acha."

Nilitaka aende. Nilitaka aende kuliko nilivyowahi kutaka kitu, kwa sababu miaka miwili nilimwona akiwekewa mipaka na kila mtu, na hili ndilo jambo la kwanza alilolitaka yeye mwenyewe. Na sasa mikono yangu mimi ndiyo imemkwamisha.

Chiriku alilitoa lile pande la mpira kwenye nguo iliyolowa, akaligeuzageuza. Nisisahau kusema kuwa kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Kiwandani kwao huletewa alama za fizi za watu, naye huwachongea meno mpaka mwenyewe asikumbuke lipi lake. Alilikagua lile pande kwa jicho la kazini.

"Umechonga vizuri," alisema. "Kweli kabisa. Mimi nikimtengenezea mtu meno, najua anayatakia nini. Anataka kutafuna nyama. Anataka kutamka jina la mkewe vizuri. Hili mimi nalitakia nini?"

"Watu wasikutazame."

"Basi linawafanyia kazi wao. Mimi linaniangusha majini."

Chiriku akanyanyuka, akaenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nilisikia vifungo vikifunguliwa.

"Dada, njoo unipime."

"Vipimo vyako ninavyo kichwani."

"Una vya nani?"

Nikasimama na utepe shingoni, nisiende. Ni kweli, nilikuwa na vya yule wa zamani. Miaka miwili sijawahi kumpima upya. Nilikuwa nakata kwa kipimo cha zamani halafu naficha kilichopwaya. Mteja mwingine yeyote ningemfukuza nje kama angeniambia nimshonee kwa kipimo cha kabla ya kujifungua. Yeye nilimshonea hivyo hivyo, na hata siku moja sikuthubutu kutazama. Alipokuwa hospitali wauguzi ndio waliombadilishia bandeji, nami nilikuwa na bahati ya kutumwa maji ya moto kila walipoanza.

Nikakaza roho, nikasogeza pazia.

Alikuwa amesimama wima, mikono chini, nguo ya juu imening'inizwa msumarini. Upande wa kulia ulikuwa wa mdogo wangu niliyemwogesha akiwa mdogo. Upande wa kushoto ulikuwa bapa, ngozi imetulia, na mshono ukipita kwa mshazari kuelekea kwapani. Ulikuwa mshono mzuri. Hilo ndilo wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, kwamba fundi aliyeushona alikuwa na mkono mwepesi. La pili lilikuwa kwamba hapakuwa na kitu cha kutisha pale. Ni kifua cha mtu. Nikalia.

"Lia, lakini pima," Chiriku alisema. "Mikono yako ya baridi."

Mimi nikipima hutaja kwa sauti, ni mazoea. Nikataja mabega. Nikataja kiuno. Nikashusha utepe begani upande wa kulia mpaka chini ya titi, nikataja. Nikauhamisha kushoto, ukateremka moja kwa moja bila kupanda popote, na sauti ikakataa kutoka. Chiriku akainamisha kichwa, akakisoma kipimo mwenyewe, akakitaja kwa sauti kubwa ya mtu anayenunua nyama sokoni.

Nilikata palepale. Nilikuwa na kipande cha zambarau kilichobaki, na kingine cha rangi ya chungwa ambacho nilidhani kitapiga kelele, yeye akakitaka hicho. Kulia nilikata kwa mkunjo, kushoto nikakata bapa, na pale pa kushoto kitambaa kililala kama kimepigwa pasi, bila rinda, bila ua. Ilikuwa nguo rahisi. Zile zote za nyuma zilinitoa jasho kwa sababu nilikuwa nagombana na mwili. Muda wote huo Chiriku alikaa kwenye benchi akisema. Alisema kuhusu mgonjwa aliyemeza jino lake la dhahabu. Alisema kuhusu samaki anayelala amesimama. Alimsema mwalimu, akamsema mume wangu na pweza wake. Sikumnyamazisha.

Alipoivaa, hakujitazama kwenye kioo kidogo cha nyuma ya pazia. Alitoka nje kabisa, mpaka kwenye kioo kirefu kilichoelekea mlango wa mtaani, akageuka huku, akageuka kule, akainua mikono, akainama. Mshono haukuvuta popote.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Aliingia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama wa heshima zake, amefuata suti yake ya kitenge. Akasimama. Alimtazama Chiriku, macho yakashuka kifuani, yakabaki pale.

Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka na shuka mkononi nimfunike. Mikono ilijinyanyukia yenyewe. Chiriku akaniona kwenye kioo, akatikisa kichwa kidogo tu.

Nikakaa.

"Shikamoo mama," alimwamkia. "Naondoka kesho kutwa, nakwenda kuzamia. Karibu uketi, nikusimulie."