Masikio ya Rangi Tatu

Ncha ya pasi ya kulehemu ilizama kwenye plastiki, moshi mwembamba ukapanda, na Mama Beseni akageuza uso pembeni bila kuondoa mkono. Kwa mkono wa pili alikuwa akilisha ufa vipande vya beseni la bluu, kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mtoto mwenye homa. Ufa ukajaa. Akaupuliza, akahesabu kimoyomoyo hadi mia mbili, kisha akashika kwa koleo lile sikio la plastiki lenye tundu la bolti, akavuta.

Lilibanduka lote, safi kabisa, kama ukucha wa bandia.

"La tatu hilo," alisema shemeji yake kutoka ndani ya karakana. "Hiyo ni pikipiki, shemeji. Si beseni."

"Nimeona," alijibu kwa upole, akaweka kipande kando ya wenzake wawili.

Mbele yake, juu ya gunia, lilikuwa limelala kava kubwa la mbele la pikipiki ya Mzee Dereva, lile linalomkinga mwendeshaji na upepo wa safari ndefu. Lilishikwa na masikio sita ya plastiki, kila moja likiwa na tundu la bolti. Manne yalikuwa yamevunjika: mawili kushoto, mawili kulia; mawili ya katikati yalikuwa mazima. Mzee alikuwa ameahidi kumpeleka mkewe safari ya siku nne, na siku ya kuondoka ilikuwa ya nne kuanzia leo. Shemeji alikuwa ameyatengeneza masikio hayo mara mbili kwa gundi na vyuma, na mara mbili yalikatika njiani.

Mama Beseni hakuwa amefundishwa na mtu. Kwa miaka sita alikaa barazani mwa karakana ya mdogo wa mumewe, akishona kwa moto mabeseni, ndoo na viti vya plastiki vilivyokatika miguu. Barazani upepo uliipoza pasi yake, na vumbi liliingia kwenye kazi kabla haijaganda. Ndani, chini ya dirisha, kulikuwa na meza nzuri ya mbao ngumu ambayo kazi yake pekee ilikuwa kubeba makopo ya rangi iliyokauka. Alikuwa ameiomba mara mbili. Asubuhi hiyo shemeji alichoka kukataa.

"Tengeneza masikio ya mzee. Yakienda mpaka daraja la mawe na kurudi, meza ni yako. Yakikatika, usiniulize tena."

Sasa alivitazama vile vipande vitatu vya bluu vilivyombandukia, akahisi maji yamemfika shingoni.

"Wifi! Wifi, njoo uone balaa!"

Ilikuwa sauti ya dada yake shemeji, mwenye saluni ya mlango wa pili. Alikuja amenyoosha kiganja. Juu yake palikuwa na vitofali viwili vya plastiki, kimoja chekundu, kimoja cha njano, vya lile boksi la kuchezea watoto wanaosubiri mama zao wasukwe.

"Nimemwaga dawa ya kufutia rangi ya kucha kwenye boksi. Sasa hivi vimeoana, havitaki talaka. Mtoto wa watu analia kule!"

Mama Beseni alivipokea. Alivuta, akapinda, akajaribu kwa koleo. Kikakatika kitofali chekundu chenyewe, lakini pale vilipoungana hapakuachia.

Aligeuza-geuza ule muungano kwenye mwanga mpaka wifi yake akauliza kama anaumwa.

"Niletee hiyo dawa," alisema.

Alidondosha tone moja kwenye kipande cha beseni. Likakaa pale kama maji juu ya jani, halafu likakauka. Akadondosha la pili upande wa ndani wa kava, mahali pasipoonekana, akagusa. Plastiki ilinata kwenye kidole.

"Kumbe," alisema polepole. "Miaka yote nilidhani plastiki ni plastiki. Beseni na hili kava si ndugu. Kava na vitofali vyako ndio ndugu."

"Basi chukua boksi zima," wifi alisema. "Watoto nitawapa vitana wachezee. Ila meza ukiipata, nataka kiti pale."

Mchana ule Mama Beseni alivikwangua vitofali kwa msumeno mdogo, akaloweka unga wake kwenye dawa ya kucha hadi ukawa mzito kama asali. Alitoboa kitundu mwisho wa kila ufa ili usiendelee kutembea, akazamisha vipande vya wavu wa chujio la zamani, akapaka ule uji tabaka kwa tabaka. Upande wa kushoto tu, kwa kujaribu kwanza. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote: akauacha ukauke siku mbili nzima, bila kuugusa.

Siku ya tatu walifunga kava. Upande wa kulia, ambao bado ulikuwa mbovu, waliufunga kwa waya. Mama Beseni alikuwa amekata duara nne za mpira wa tyubu, akazipanga mbili mbili, sikio katikati.

"Za nini?" shemeji aliuliza, spana mkononi.

"Chuma chako kigumu, na bolti unaikaza mpaka inalia. Pikipiki ikitikisika, sikio halina pa kwenda. Linakatika. Liache licheze kidogo."

Shemeji akazungusha spana. Akazungusha tena.

"Ishia hapo, shemeji."

"Haijakaza."

"Imetosha."

"Mkono unaniwasha!"

"Ukune," alisema wifi yake Mama Beseni kutoka mlangoni, na hata Mzee Dereva akacheka.

Mzee alichungulia ndani ya kava. Masikio mawili mapya yalikuwa na mabaka mekundu, ya njano na ya kijani.

"Pikipiki yangu imevaa hereni," alisema.

"Ukitaka nitapaka rangi nyeusi, mzee."

"Thubutu! Mwanamke akivaa hereni unamvua?" Akawasha, akaondoka.

Kwenda na kurudi darajani ni nusu saa kwa barabara ya kokoto. Mama Beseni aliosha mikono. Akaifuta. Akaiosha tena. Shemeji alijifanya anatafuta nati fulani. Nusu saa ikapita, ikafuata ya pili.

Kisha mngurumo ukasikika, na mzee akakata kona akiwa ameinua mkono mmoja juu kama aliyeshinda mbio.

"Nimekwenda mara mbili!" alipiga kelele. "Ya kwanza haikunishibisha!"

Waya wa kulia ulikuwa umekatika njiani, lakini kava zima lilirudi likiwa limeshikwa na masikio ya kushoto na ya katikati. Shemeji alipiga magoti, akamulika kwa tochi ya simu, akapitisha ukucha juu ya kila ufa wa zamani. Akapitisha tena. Akainuka. Aliingia ndani, akabeba makopo ya rangi manne kwa mpigo, akayatupa nje. Akarudi kuchukua mengine. Halafu akafuta meza kwa fulana yake mwenyewe.

"Usitupe kopo la kijani," wifi alisema, "hilo nitakalia." Na vigelegele vyake vikasikika mpaka saluni.

"Shemeji," alisema mwenye karakana, sasa kwa sauti ya chini, "ule uji wa vitofali... kesho utanionyesha?"

"Njoo mapema."

Walilifungua kava na kulilaza chali mezani, chini ya dirisha. Mama Beseni aliusogeza upande wa kulia kwenye mwanga, akatoboa vitundu viwili vya kuzuia ufa, akakata wavu, akaupima, akaukata tena. Dawa ya kucha ilikuwa imebaki kidogo mno chupani; kesho wifi angeleta nyingine. Mzee alikwisha sema safari itasubiri plastiki ikauke. Basi akachagua vitofali kumi, vya bluu safari hii, akavipanga kando ya pasi iliyopoa, akafunga dirisha ili upepo na vumbi visiingie.