Magunia Katikati ya Daraja

Kuna mama mmoja, fundi cherehani, ambaye mpaka leo anamshukuru Mungu kwa kumpa binti mbishi. Zamani ubishi ule ulikuwa ukimtoa jasho. Mtoto akiambiwa maji yamechemka, anauliza nani ameyaona. Akitumwa chumvi dukani, anarudi na swali. Mama alidhani ni mzigo amepewa aubebe, hajui kwamba siku moja ubishi huohuo ndio ungemrudishia mwanawe nyumbani akiwa na viungo vyake vyote.

Huyo mwanawe ndiye kifungua mimba, dereva wa trela kwenye machimbo ya mawe. Wenzake walimbatiza Breki, kwa kuwa ndicho kitu alichokigusa kwa nadra kuliko vyote ndani ya gari. Mwenye machimbo alinunua mashine kubwa ya kusaga mawe, na kazi ya kuifikisha akapewa Breki. Njia ilikuwa moja tu, nayo inapita juu ya korongo, kwenye daraja la chuma la zamani, la enzi ambazo magari yalikuwa madogo. Ubavuni mwake kila upande kuna vyuma vilivyoungwa pembetatu pembetatu, vingine vinene, vingine vyembamba kiasi cha kushikika kwa kiganja.

Watu wa machimbo walikuwa na namna yao ya kulipima daraja hilo. Waliita kulilisha. Kabla ya kuvusha kitu kizito, wanajaza mawe kwenye magunia, wanayasukuma kwa toroli, wanayapanga katikati ya daraja mpaka uzito ulingane na mzigo unaokuja. Yanalala hapo. Kesho yake msimamizi wao, mzee waliyemwita Nyundo, anashuka chini ya daraja na birika lake, anakaa na kunywa chai taratibu, watu wote wanamtazama. Akimaliza salama, daraja limekubali.

Safari hii midomo ya magunia aliishona mama mwenyewe, tena kwa uzi wa mara mbili. Nyundo alikunywa chai yake na akaongeza kikombe. Mama akarudi nyumbani akiwa na raha, maana alijiona na yeye ametia mkono katika usalama wa mwanawe.

Jumamosi hiyo binti alikuja kusalimia. Alikuwa mhandisi, mgeni bado kazini, kwenye ofisi ya barabara. Chai haijapoa, ameshaanza.

"Magunia mliyapanga wapi?"

"Katikati," Breki akasema, anamega mkate. "Ulitaka tuyapange sebuleni kwa mama?"

"Katikati peke yake?"

"Bi Rula," Breki akamwita kwa jina la utani alilompa, "mzigo ukiwa katikati ndipo daraja linapoumia zaidi. Hilo hata cherehani ya mama inalijua."

"Boriti za chini, kweli, ndipo zinapoumia. Na vile vyuma vya mshazari?"

Breki akamgeukia mama. "Mama, huyu tulimsomesha au tulimtia wazimu?"

Mama akacheka. Binti alichukua futi ya utepe kwenye kikapu cha mshono akaenda darajani. Aliporudi viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi, na hakutaka kula. Alikaa mezani kwenye kona ya kukatia vitambaa, akachora daraja, na chini yake akachora mstari. Mstari wenyewe ulishuka kidogo kidogo, kisha ukapanda ghafla mpaka juu, halafu ukateremka polepole hadi mwisho.

"Huu ni nini?" mama akauliza.

"Mstari wa athari. Mama, watu huweka mzigo mahali pamoja wakauliza daraja zima linajisikiaje. Mimi nimekichukua chuma kimoja tu, hiki chembamba karibu na katikati, nikakiuliza: mzigo ukiingia pale mwanzo unasikia nini? Ukisogea hapa? Na hapa? Majibu yake ndiyo huu mstari. Ukiwa juu, chuma kinavutwa. Ukiwa chini, kinasukumwa."

"Mwanangu, mimi nimeishia shule ya msingi."

"Basi kaa kwenye benchi."

Benchi la pale ndani lilikuwa refu, miguu yake imeingia ndani kidogo toka kwenye ncha. Mama akakaa katikati. Benchi likatulia.

"Sogea mpaka mwisho kabisa."

Mama akasogea. Alipoupita mguu wa benchi, upande wa pili ukanyanyuka, naye akamshika binti bega asianguke.

"Uzito wako umebadilika?"

"Usinipime uzito mbele ya kaka yako."

"Haukubadilika. Lakini ule mguu wa kule ulikuwa unakandamizwa, sasa umening'inia. Na chuma kile ni hivyohivyo. Magunia yalipokuwa katikati kilivutwa, na kwa kuvutwa ni hodari. Ila trela likiwa halijafika katikati, lipo hapa," akaweka kidole pale mstari ulipokuwa chini kabisa, "litakisukuma. Chembamba namna ile ukikisukuma kinajikunja. Kikijikunja, wenzake wanabebeshwa kazi isiyo yao."

"Magunia yalipita hapohapo," Breki akasema.

"Toroli moja moja, kaka. Mashine utaipitisha kwa toroli?"

Breki aliacha kula. Aliitazama sahani yake kama anaisoma. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Nyundo ameshakunywa chai. Nikikataa sasa, watasema nimefungwa kamba na mdogo wangu. Kesho trela anapewa mwingine."

Hapo mama ndipo aliposhikwa na hofu ya kweli. Aliona wazi kwamba mwanawe ameshaelewa, na kwamba ataenda vilevile, kwa haya tu. Wazazi, haya ya namna hii muiogope kuliko daraja bovu. Hakumfokea. Alimwambia, "Nenda kazini kwako. Mimi na dada yako tutakuja pamoja nawe, na maneno nitayaanza mimi."

Asubuhi walipofika darajani, mashine ilikuwa bado chini, inangoja kupakiwa. Mama alimwamkia Nyundo, akamwambia, "Baba, nimekuja kuomba. Binti yangu ana swali moja, na mimi sitashona wala sitalala mpaka lijibiwe. Nihurumieni mimi."

Nyundo akamtazama binti. "Uliza, mwanangu. Swali halina ushuru."

"Trela tupu linapita hapa kila siku," binti akasema. "Naomba lipite mara moja tena, polepole. Wewe uliendeshe, baba. Kaka asimame njia ya miguu, akishike chuma hiki."

Akachora alama ya chaki kwenye mbao za daraja. Breki akakikamata chuma, uso wake wa mtu anayeshiriki mchezo wa watoto. Nyundo akawasha trela.

Lilipoingia darajani, chuma kilikuwa kigumu mkononi mwa Breki. Likasogea. Mama hakuangalia trela wala korongo, aliuangalia mkono wa mwanawe. Matairi ya nyuma yalipokanyaga chaki, mkono ule ukaanza kucheza. Chuma kilikuwa kimelegea, hakivutwi tena. Breki alikitikisa huku na huku, kikawa kinagonga kwenye maungio yake kama kamba ya kuanikia nguo iliyochoka. Trela likaendelea mpaka katikati, na chuma kikajikaza tena, kimya, kigumu, kana kwamba hakijafanya kitu.

Breki hakukiachia.

"Na hili ni tupu," akasema.

Nyundo alirudisha trela, akashuka, akaomba mtu mwingine aendeshe ili ashike mwenyewe. Alishika, akasikia, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Miaka yote tumelilisha mahali lisipoumwa," akasema.

"Hapana, baba," binti akamjibu. "Boriti za chini mmezipima vizuri, ni nzima. Kilibaki chuma hiki tu, nacho hakikuwa kimeulizwa."

Nyundo akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepona. "Breki, hili swali ungeleta wewe ningekutimua. Ameleta mama yako, nikashindwa." Kisha akawageukia mafundi. "Fungueni mashine. Itavuka vipande vipande. Tajiri nitaongea naye mimi."

 Mama alimshukuru moyoni binti kwa ubishi wake, na yule mzee kwa kukubali kushika chuma mbele ya watu wake. Zaidi alimshukuru Breki, kwa kuwa angeweza kusema hajasikia kitu, na hakusema hivyo. Nawe unayesoma haya, mtu akikwambia mzigo umeshapimwa na uko salama, usiishie hapo. Uliza ulipimwa ukiwa wapi, na utapita wapi mpaka kufika.

Kwa kila kipande binti alipiga hesabu yake, akaangalia mstari, akakubali au akakataa. Kipande cha kwanza kilipopanda, Breki akaingia ndani ya trela, akaenda mwendo ambao machimbo yale hayakuwahi kumwona nao. Kwenye chaki akatoa kichwa dirishani.

"Bi Rula, chuma kinasemaje?"

Binti alikuwa amekishika. "Kinasema pita."

Akapita. Mama akakaa chini palepale kwenye vumbi. Breki alirudi kuchukua kipande cha pili, akampita mama yake akisubiri aambiwe, kama siku zote, awe mwangalifu. Mama alimtazama, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza toka amzae hakuwa na la kuongeza.