Programu ya Tatu

Saa tano na robo asubuhi, Happiness alikuwa amebakiza dakika arobaini na tano kutuma picha ishirini na tano za wachezaji. Saa sita kamili usajili wa ligi ya wilaya ungefungwa, na timu isiyokamilika ingeachwa nje.

Kwenye kompyuta, folda ya studio yake ya picha, hapo Mpanda mjini, ilikuwa na picha elfu kumi na nne. Kila alipoifungua, programu ya kawaida ya kupangia mafaili iliganda. Basi akapakua nyingine tatu, akazipima kwa saa ya simu.

Ya kwanza ilijaa rangi kama kitenge cha harusi. Baada ya dakika nne ikazima. Ya pili ikadai ajisajili kwanza.

"Na yenyewe inasajili!" akacheka Doto, golikipa, aliyekuja kuilinda nafasi ya timu.

Ya tatu haikuwa na urembo: safu mbili za majina, kushoto na kulia, bila kijipicha hata kimoja. Folda ikafunguka kwa sekunde mbili. Happiness akapiga kigelegele hadi mdogo wake Severini, mpiga picha, akatoka mbio chumba cha ndani.

Akahamishia zile ishirini na tano safu ya kulia. Mbili zikawa nyekundu: faili moja, majina mawili. Kulwa na Doto.

"Si mapacha hao, dada," akasema Severini.

"Programu haioni sura. Inalinganisha data. Hata Kulwa ukimpiga picha mara mbili, mafaili hayawezi kulingana hivi. Severini?"

Severini akajikuna shingo. "Doto siku ile ya picha alikuwa kijijini Sibwesa na ng'ombe. Nikaona, si sura ni ileile, nikanakili ya Kulwa..."

"Nyie! Kwa hiyo nimepigwa picha nikiwa machungani?"

"Watu wa ligi wakigundua, wanawafuta wote wawili," Happiness akasema. "Kaa kwenye kiti. Zimebaki dakika kumi."

Doto akakaa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Funga mdomo, kaka, hii ya kitambulisho!" Severini akafoka, naye akacheka, kamera ikayumba. Picha ya tano ndiyo iliyotoka na mdomo uliofungwa.

Happiness akaweka picha za mapacha sambamba. Doto akainamia kioo cha kompyuta, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Kilobaiti kumi na saba," Happiness akajibu, akatuma zote.

Saa sita kasoro dakika mbili jibu likaingia: zimepokelewa, ishirini na tano.