Kambare wa Fundi Saa

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja pale barazani aliposikia kishindo chumbani kwa baba yake. Kikombe hicho kimeanguka, alijiambia. Kishindo cha pili kilimfanya aache msuko na kukimbia ndani, chanuo bado mkononi.

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, alikuwa kitandani jasho likimtiririka, mkono wake wa kushoto ukipiga ubao wa kitanda. Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, maneno yalikuwa yakimtoka vipandevipande, na mengine hayakutoka kabisa. Sasa midomo ilihangaika na sauti moja tu. "Ma... ma..."

Daktari alishawaonya kwamba kiharusi kinaweza kurudi. Msusi akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Shangazi, njoo. Baba kazidiwa."

Shangazi, dada mkubwa wa mgonjwa, aliyekuja kusaidia uuguzi, alitoka jikoni akijifuta mikono. "Nimemwacha mzima sasa hivi. Nimefagia, nimepuliza dawa ya mende, nikampeleka akapigwe na upepo kidogo, ndiyo kwanza nimemrudisha."

"Baba, cheka kidogo nione kama mdomo umepinda zaidi."

Fundi Saa hakucheka. Alimkazia macho kwa hasira, kisha akanyoosha kidole ukutani. "Ma... ji."

Msusi akageuka.

Juu ya kabati lililotazamana na kitanda kulikuwa na tangi la kioo, na ndani yake kambare wadogo wenye madoa, wasiozidi urefu wa kidole. Kazi yao kutwa ilikuwa kupekuapekua mchanga kwa ndevu zao fupi, bila kumgusa yeyote. Zamani Fundi Saa alipenda kusema kwamba hao ndio wapangaji pekee katika nyumba hiyo wasiogombana. Kwa kawaida mmoja hupanda mbio, akagugumia hewa na kurudi chini. Leo walikuwa juu wote, vinywa wazi. Mmoja alielea ubavu, akizunguka kama jani.

"Dawa umeipuliza wapi, Shangazi?"

"Nyuma ya kabati. Si ndiko wanakotokea?"

Nyuma ya kabati ndiko ilikokaa pampu ya hewa. Ilikuwa ikivuta harufu yote ile na kuisukuma majini. Msusi akachomoa waya. Mapovu yakakatika.

"Utawaua, wewe."

"Ilikuwa inawapulizia sumu."

Alichukua ndoo uani na kuijaza kutoka kwenye pipa ambamo maji ya bomba hulazwa hadi ukali wa dawa yake ya kuua vijidudu uishe. Alipolikaribia tangi, akaona viganja vyake viking'aa mafuta ya nywele. Akarudi kuvisugua kwa sabuni, akavisuuza, akavinusa, akavisuuza tena. Aliona kama dunia nzima inamsubiri.

Aliposhika wavu, ubao wa kitanda ulilia tena. "Si... si."

Akakumbuka. Mapezi ya kambare yana miiba. Ikinasa kwenye nyuzi, ukivuta unamrarua. Akatupa wavu, akachukua bakuli, akaanza kuwateka mmoja mmoja na kuwatia ndooni. Wengine walikuwa wamelegea kiasi kwamba hawakukwepa.

Mteja alichungulia mlangoni, nusu ya kichwa misuko, nusu nywele zimesimama. "Nifanye nini?"

"Kaa na baba. Mshike mkono."

Ndoo ilipotolewa uani, Shangazi aliinama juu yake. "Na mimi?"

Msusi alikuwa na maneno makali kooni. Akayameza. "Nawa kwanza, suuza sana. Halafu teka kwa jagi, umimine kutoka juu. Ndivyo watakavyopata hewa. Usiache."

Shangazi akateka na kumimina, akateka na kumimina. Kiuno chake kilikuwa kibovu miaka mingi, lakini hakunung'unika. Machozi yalipomjia aliyapangusa kwa bega.

Hadi jua linashuka, watatu walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa chini ya ndoo, wamelala kwa matumbo, mashavu yao yakienda taratibu. Wakamtoa Fundi Saa kwa kiti chake cha magurudumu, naye akawatazama muda mrefu.

"Mdogo wangu," Shangazi alisema, "mimi sikujua. Niliona mende, nikasema nikusafishie."

Fundi Saa alipapasa hadi akalipata jagi mikononi mwa dada yake. Akalivuta. Shangazi alidhani amekasirika, akaliachia. Lakini Fundi Saa alilitumbukiza ndooni na kumimina, maji mengi yakimwagikia magotini. "Pum... zika," alisema.

Shangazi akakaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

Mteja alirudi kwake kichwa kimefungwa mtandio, akaja kumaliziwa kesho yake. Tangi lilioshwa kwa maji matupu mara nyingi, mchanga ukabadilishwa, pampu ikahamishiwa dirishani. Kambare waliporudishwa, Shangazi ndiye aliyeomba kuwatilia chakula, na kila mara aliuliza kwanza mikono yake inanuka nini.