Bedford Iliyobaki Lira

Melkiadi alikuwa ameinamia tairi la baiskeli, vidole vimejaa gundi, aliposikia redioni mtu akitaja vita vya Uganda. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa sita mwaka 2013. Askari wetu walikuwa wameshapelekwa Kongo, na kipindi cha siku hiyo katika redio ya Kibondo kilikuwa na swali moja: vita vya ugenini vikirefuka, nani anavilipia?

"Vile vya sabini na nane vilikula miezi minane," alikuwa akieleza Mwalimu Nathaniel, mtu wa Njombe aliyeletwa Kibondo kufundisha uchumi. "Wanakadiria vilimeza kama dola milioni mia tano. Mafuta, risasi, chakula, magari..."

"Magari gani?" Melkiadi aliiuliza redio. "Ayataje basi!"

Mkewe Esteri, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni, akacheka. "Si umpigie umwambie? Namba wanaitaja kila dakika."

Akapiga. Mara tano simu ilikuwa inatumika. Ya sita ikaingia, na moyo ukamruka kama wa kijana.

"Uko hewani, mzee wetu," alisema mtangazaji Rabia. "Nani mwenzetu?"

"Melkiadi, fundi baiskeli wa hapa sokoni. Mwalimu umetaja dola, mimi nitakutajia tairi. Niliendesha Bedford ya tani saba kutoka Kasulu hadi Lira, kaskazini kabisa ya Uganda, nimebeba maharage ya jeshi. Nilipasua tairi kumi na nne! Na lile lori halikuwa la serikali, lilikuwa la Bwana Abdul..."

Salio likaisha.

Esteri alikuwa ameshasimama, kisu mkononi. "Nenda! Nenda mwenyewe studio kabla hawajaweka muziki!"

Baiskeli aliyokuwa akiiziba ilikuwa ya mteja, na gundi haijakauka. Hakujali. Alipanda kilima cha studio akikanyaga pedeli kwa kusimama, miaka yake sitini na miwili, shati limefunguka, watu wakimshangilia kando ya barabara: "Mzee wa tairi kumi na nne huyo!" Maana nao walikuwa wakisikiliza.

Rabia alimvutia kiti. Mwalimu Nathaniel akasukuma karatasi zake pembeni, akamsogezea kipaza sauti.

"Pumua kwanza, mzee."

"Nitapumua nikimaliza." Akaanza. Bwana Abdulrahmani, mfanyabiashara wa Kasulu mwenye asili ya Ujiji, alikuwa na lori moja tu. Vita vilipoanza alilipeleka mwenyewe kwa wakubwa, akasema chukueni, na dereva wangu huyu hapa. Mji ukapiga vigelegele. Kila mtu alijua ni safari ya wiki tatu.

"Tukafika Kyaka, daraja limevunjwa. Tukangoja jeshi lifunge la kuelea. Tukaingia Masaka, tukasema sasa imekwisha. Haikwisha. Kampala ikaanguka mwezi wa nne, watu wakanibeba juujuu, nikasema kesho narudi kwetu. Nikaambiwa bado, kuna kaskazini. Na jeshi kila siku linakula, Mwalimu! Gunia ninaloshusha leo, kesho halipo. Lori linakunywa dizeli kama limelaaniwa, na likienda kufuata dizeli linakunywa dizeli nyingine njiani."

Mwalimu Nathaniel alikuwa anaandika mbiombio. "Na hiyo haimo kwenye vitabu vyangu," alisema.

"Karibu na Lira gia zikasagika. Spea hakuna. Nikaiacha Bedford porini, mimi nikaanguka malaria, nikalala hospitali za huko miezi. Niliporudi mwaka wa themanini, nikiwa njiani, hapa Kibondo, nikasikia duka la Bwana Abdulrahmani limefungwa. Lori lake ndilo lililokuwa linaleta bidhaa kutoka stesheni ya Kigoma. Nikaogopa kwenda Kasulu kumtazama usoni. Nimekaa hapa miaka thelathini na mitatu. Hajawahi kujua kama niko hai."

Taa ya simu ikawaka. Rabia akaipokea.

"Mwanaheri, kutoka Kasulu," sauti ya mwanamke ikasema. "Binti wa Abdulrahmani."

Melkiadi akashika ukingo wa meza.

"Mwalimu, andika na haya. Lori lilipoondoka, chumvi iliisha Kasulu. Mama na majirani walitembea hadi Uvinza kuifuata, siku nyingi njiani, wamejitwisha. Cherehani ikauzwa. Duka likafa. Mimi nikatolewa shule nikiwa darasa la sita. Hizo ndizo dola zetu. Lakini Ami Melki, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Baba hakulia lori hata siku moja. Alikuwa akisema, lori nililitoa mimi, dereva sikumtoa afe. Kila askari aliyerudi alimuuliza habari zako. Kila Ramadhani alitoa sadaka kwa jina lako, na wewe Mkristo! Alifariki mwaka 2001 akiamini umekufa kwa sababu yake. Na wewe uko hai Kibondo unaziba pancha?"

Mwanaheri akapiga kigelegele, kirefu, kikapasua spika, na nje ya dirisha watu waliokuwa wamekusanyika wakakidaka.

"Njoo kesho!" alipiga kelele. "Basi la kwanza! Usipofika nakuja kukubeba!"

Asubuhi ya pili Melkiadi alikuwa kwenye siti ya mbele, suti ya kanisani mwilini, amebeba asali ya Kibondo lita tano. Njia nzima ya vumbi alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi. Hakuyatumia. Basi liliposimama Kasulu, mwanamke wa makamo aliyejifunga leso alimkimbilia kabla hajagusa ardhi, akamkumbatia huku akilia na kucheka, nyuma yake umati wa watu wa sokoni.

Walianza makaburini. Melkiadi alipiga goti, akasema na tajiri wake kwa Kiha, taratibu, mambo ambayo hakumsimulia mtu. Ndipo wakaenda nyumbani kwenye pilau, na uani hapakuwa na nafasi hata ya kuweka sahani. Wajukuu wa Abdulrahmani walitaka kusikia safari yote, mji kwa mji.

Jioni alimpigia Esteri kwa simu ya Mwanaheri.

"Uko njiani?" mkewe aliuliza.

"Nalala huku. Hawajaniachia." Akafunika simu, akamjibu mtu, akarudi anacheka. "Mke wangu, tangu saa nane nasimulia, na ndiyo kwanza tumefika Masaka."