Hapiti Mtu Mpaka Tavion Achomwe

Odessa Pruitt alikuwa mhudumu wa mlangoni katika kanisa la Mlima Nebo, pale Saginaw, Marekani, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wasioijua kazi hiyo huidharau. Unasimama mlangoni na nguo nyeupe na glavu nyeupe, mkono wa kushoto mgongoni, na sala ikianza hapiti mtu, awe shemasi, awe nani. Siku moja Odessa alimzuia meya, na meya akasubiri kama watu wengine.

Ijumaa hiyo alikuwa ametoka kuhudumu kwenye mazishi. Bila hata kubadili nguo, aliingia jikoni kwa binti yake Renita, akamkuta anapaka keki sukari. Kesho yake mjukuu wake, Tavion, angetimiza miaka mitano. Ukoo mzima ulikuwa umealikwa kuja kula mbavu za kuchoma na makaroni ya jibini, na kubwa kuliko yote, kumtazama Tavion akimwaga dawa.

Tavion alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tangu akiwa mchanga, asubuhi na jioni, alinyweshwa penisilini, dawa ya maji ya rangi ya waridi iliyokaa mlangoni mwa friji, kwa sababu bandama lake halikuwa na nguvu ya kupambana na vijidudu. Akifika miaka mitano, mtoto wa namna hiyo huachishwa. Familia zenye ugonjwa huo pale mjini zilikuwa zimeifanya siku hiyo kuwa mahafali: mtoto anapanda kiti, anamimina chupa kwenye sinki, watu wanapiga makofi.

Odessa alifungua friji, akaitoa ile chupa, akaitumbukiza mkobani.

"Mama, rudisha chupa yangu," Renita alisema bila kugeuka.

"Dawa hii haimwagi mtu kesho."

"Haya, tumeanza."

"Yule daktari wa damu kule Detroit alisemaje? Aachishwe, ikiwa ameshapewa ile chanjo ya nimonia ya ziada, ya watoto wa selimundu. Akasema bila shaka alipewa huku kwetu. Nikamuuliza wa huku kwetu, akasema bila shaka alipewa Detroit. Mimi ndiye ninayempeleka kote kuwili, Renita. Sindano hiyo sijaiona. Nimerudi na bila shaka mbili."

Renita aliweka kisu chini. "Mama, miaka mitano namkimbiza huyu mtoto na kijiko. Chini ya kitanda, nyuma ya kochi, mpaka kwa jirani. Nimechoka. Niachie hii siku moja nifurahi."

Odessa alimwonea huruma, lakini chupa hakuirudisha. Alikuwa na kaka, Lucius, mwenye ugonjwa huohuo, zamani kabla watoto hawajaanza kupimwa wakizaliwa. Homa ilimpanda wakati wa chakula cha jioni, na kulipokucha hakuamka. Alikuwa na miaka minne. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Odessa alimpenda Mungu sana, lakini hilo hakuwahi kumsingizia.

"Mvalishe mtoto viatu," alisema. "Kliniki haijafungwa."

Daktari wa watoto, Halloran, alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Aliwageuzia kioo cha kompyuta. "Bibi Pruitt, chanjo zake zote ziko sawa. Ona mwenyewe, kijani tupu."

"Kijani ya mtoto gani?"

"Ya mtoto wa umri wake."

"Mwenye bandama zima, au huyu wetu?"

Halloran alitabasamu kama mtu anayewaza chakula chake cha mchana. Alisema angelifuatilia jambo hilo wiki ijayo, akainuka kwenda mlangoni. Odessa alikuwa ameshafika. Alikuwa anavaa glavu, kidole kimoja kimoja, bila haraka yoyote.

"Bibi, nina wagonjwa wanaonisubiri."

"Na mimi ninaye mmoja. Mlangoni kwangu hapiti mtu mpaka sala iishe, na sala haijaisha. Pigia Detroit."

"Mama, unatuaibisha," Renita alinong'ona.

"Aibu niachie mimi. Wewe mshike mtoto."

Daktari alimtazama yule mama mzee mwenye nguo nyeupe, mkono mmoja mgongoni, akaona kwamba simu ingekuwa njia ya mkato. Alipiga, akaiweka simu mezani ili wote wasikie. Nesi wa Detroit alikuwa mchangamfu kabisa.

"Sisi hatujampa. Chanjo si mnatoa ninyi huko? Sisi siku zote tunajua mmempa."

Masikio ya Halloran yaliiva. "Sisi tulijua mmempa ninyi."

Tavion alikuwa akipiga teke mguu wa meza.

"Kwa hiyo kesho," Renita alisema polepole, "ningempandisha mwanangu kwenye kiti amwage kinga pekee aliyonayo. Na watu wangepiga makofi."

Nesi, ambaye sasa uchangamfu ulikuwa umemwisha, alisema penisilini iendelee mpaka wamwone tena mwezi ujao, na chanjo itolewe leo kama inawezekana. Halloran alisema haikuwepo kwenye friji yao. Akaitaja jina, akasema ingebidi iagizwe.

Odessa alicheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri.

"Hiyo? Hiyo nimechomwa mimi. Nilikwenda duka la dawa kununua sabuni ya kufulia, kijana wa watu akanikimbilia: bibi, kwa umri wako ni haki yako, hulipi kitu. Nikachomwa nimekumbatia sabuni. Bibi kizee nafukuzwa na sindano dukani, na mtoto anayeihitaji anaonyeshwa rangi ya kijani. Kliniki ya wazee si iko ghorofa ya chini? Wao hawakosi."

Halloran aliteremka kuifuata mwenyewe. Odessa alimpisha. Kupisha nako ni kazi ya mlangoni.

Daktari alirudi na chanjo. Tavion alilia kwa sauti ya kujaza jengo, akampiga daktari teke la ugokoni, na bibi yake hakumkanya. Alimpa kidole chenye glavu akikamate.

"Bibi, ndiyo ya mwisho?"

"Siyo, mpenzi. Lakini hii umeshaimaliza."

Walipotoka, mwanamke mmoja katika chumba cha kungojea aliinuka. Alikuwa amembeba binti mdogo mwenye macho ya manjano kidogo, manjano ambayo Odessa aliijua tangu utotoni. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na mwanamke huyo alikuwa amesikia kila neno.

"Wangu naye ana selimundu," alisema. "Hapa waliniambia alipewa kule."

Odessa, aliyekuwa ameshavua glavu moja, alianza kuivaa tena. Renita alimshika mkono.

"Kaa na Tavion, Mama."

Renita alirudi kwenye mlango wa daktari, vidole vyake bado na sukari ya keki. Akasimama katikati, akanyoosha mgongo, akaupeleka mkono wa kushoto nyuma.

"Daktari," alisema, "bado hatujamaliza."